Ukungu wa Upande wa Mashariki

Ndege ilizunguka juu ya uwanja mara mbili, ikainamisha bawa moja kama mtu anayechungulia kisima, kisha ikageuka na kurudi ilikotoka. Ilikuwa mara ya tano katika wiki tatu. Ndani ya jengo la abiria, watu thelathini na wanane ambao mizigo yao ilikwisha kupimwa wakageuza nyuso zao zote kwa Meneja. Naye akageukia dirisha.

Dirishani kulikuwa kweupe. Jua lilishachomoza, majani yaling'aa, na bendera ya upepo ililala kwenye mlingoti wake kama nguo iliyosahaulika kambani. Barabara ya ndege ilionekana yote mpaka pale inapopanda kile kimgongo cha katikati na kushuka upande wa pili, ambako kutoka ofisini hakuonekani.

"Ukungu," msichana wa redio alimwambia alipoingia chumbani mwake. "Mzee Mawingu kasema macho hayapiti mita mia tatu upande wa mashariki. Rubani hakutaka hata kujaribu."

"Ukungu uko wapi?"

Msichana akainua mabega. Kazi yake ilikuwa kupokea taarifa na kuipeleka hewani, siyo kuitafuta kwa macho.

Meneja alikuwa amekabidhiwa uwanja huo miaka mitatu nyuma, wakati ulikuwa na safari moja tu: kindege cha abiria kumi na wawili kilichokuja saa saba mchana, mara tatu kwa wiki, kikipenda. Mbuzi walikuwa wengi kuliko abiria. Yeye ndiye aliyebisha hodi kwenye ofisi za watu, akanyweshwa chai nyingi na ahadi nyingi zaidi, mpaka ikapatikana safari ya pili, ya mji wa ziwani. Halafu likaja shirika kubwa lenye ndege ya viti sitini, likasema litaleta safari ya kila siku kutoka jiji kuu, sharti barabara irefushwe kwa mita mia nne. Ikarefushwa. Mkandarasi alichimba changarawe palepale karibu na uzio wa mashariki ili kuwahi, na siku ya uzinduzi Meneja alikata utepe kwa mkasi uliokuwa butu mpaka watu wakacheka.

Ndege hiyo ilikuwa na mizunguko minne kwa siku, na nafasi pekee iliyobaki kwa mji mdogo kama wao ilikuwa saa moja asubuhi. Hakuna aliyeona ubaya. Nani asiyependa kufika jijini kabla ofisi hazijafunguliwa?

Sasa ndege ya saa moja ilikuwa inakataliwa na mtu mmoja. Na mtu huyo alikuwa shemeji yake.

Mzee Mawingu, mpima hali ya hewa, alikuwa kaka mkubwa wa mumewe. Jina hilo la utani alipewa kabla Meneja hajaolewa, na lilimkaa kiasi kwamba hata barua za ofisi nyingine zilikuja nalo. Mrefu, mkavu, hacheki ovyo. Kila alfajiri alifungua kisanduku cheupe kilichosimama kwenye majani, akasoma vipimajoto vyake, akapanda baiskeli na kwenda upande wa mashariki, kisha akaita kwa redio ya mkononi na kutaja namba. Hakuwahi kutoa maelezo. Nyumbani alimwita Meneja "shemeji" na kumtania kidogo. Kazini alimwita "Meneja", na mazungumzo yakaishia hapo.

Siku hiyo ndege iliporudi mara ya tano, wakala wa shirika alikuja ofisini na kufunga mlango nyuma yake. Alikuwa kijana nadhifu, mwenye tabasamu lisilofika machoni.

"Makao makuu wameniambia niwaambie," alisema. "Zikirudi mbili tatu zaidi mwezi huu, wataipeleka ndege mji mwingine. Miji inayoiomba iko foleni."

"Ukungu hauwekwi na mtu, kaka."

"Sijasema umewekwa." Akakunja mikono. "Mimi simsemi mtu, Meneja. Nasema tu kwamba kile kindege cha saa saba hakijawahi kukutana na ukungu. Ukungu wenu unaijua ndege yetu tu."

Alipotoka, aliacha maneno yake yamekaa kwenye kiti.

Meneja hakuwa mtu wa kusikiliza umbea, lakini umbea haukuhitaji ruhusa yake. Dereva wa gari la zimamoto, ambaye walimwita Gazeti kwa kuwa alitoka kila asubuhi akiwa na habari mpya, alimfuata akijifanya anakagua mpira wa maji.

"Meneja, nina neno, ila sikulisema mimi."

"Kama hukulisema wewe, mbona nalisikia kwako?"

Gazeti akacheka kidogo, kisha akaacha. "Unajua yule mkwe wa Mzee Mawingu, mwenye mabasi mawili ya kwenda jijini. Tangu ndege ianze, mabasi yake yanaondoka viti vitupu. Sasa kila Alhamisi alfajiri, basi lake moja linasimama pale kwenye uzio wa mashariki. Kondakta anashuka, anampitishia Mzee kifurushi. Nimeona kwa macho yangu mawili, nilipokwenda kujaza maji."

"Kifurushi cha nini?"

"Hapo ndipo macho yangu yalipoishia."

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Tangu hapo Meneja akaanza kuona vitu ambavyo zamani alivipita. Aliona kwamba shemeji yake anakaa mashariki zaidi ya nusu saa, wakati kuangalia tu kunahitaji dakika tano. Aliona viatu vyake vina tope siku ambazo mvua haikunyesha. Aliona kwamba akiingia chumba cha hali ya hewa, Mzee hufunika karatasi fulani kwa daftari, taratibu, kama mtu asiyefunika kitu. Nakala za daftari hilo zililetwa mezani kwake kila jioni. Alizitia sahihi pamoja na karatasi za mafuta na za usafi, akaendelea na mengine.

Nyumbani, mumewe alikuwa akisahihisha madaftari ya wanafunzi wake. Alikuwa mwalimu wa hesabu, mtu mpole, lakini asiyedanganyika kirahisi.

"Hivi kaka yako na yule mkwe wake wa mabasi, wanaelewana sana siku hizi?" Meneja aliuliza, akipanga vikombe ambavyo vilishapangwa.

Kalamu ya Mwalimu ikasimama. "Unauliza kama shemeji au kama Meneja?"

"Nauliza tu."

"Hakuna kuuliza tu." Akageuza ukurasa. "Kaka yangu aliwahi kukataa kazi ya jijini kwa sababu walimwambia aandike mvua ambayo haikunyesha. Hilo ndilo ninalolijua. Mengine muulize mwenyewe."

Hakumuuliza. Angemuulizaje? Mtu huwezi kumwita kaka wa mumeo ukamwambia, shemeji, nasikia unauza macho yako. Akafanya lililokuwa jepesi kwa mkono ingawa zito kwa moyo: alimwandikia mkuu wa kanda wa hali ya hewa, akaomba abadilishiwe mpima, "kwa maslahi ya huduma". Hakutaja mkwe wala kifurushi. Hakumwambia mumewe. Barua ilipoondoka, alisikia nafuu kidogo, ile nafuu ya mtu aliyefunga mlango bila kuhakikisha nani amebaki ndani.

Wiki iliyofuata ndege ilirudishwa tena Jumatatu. Jumatano ikarudi tena, na abiria mmoja, mama aliyekuwa akimpeleka mzazi wake hospitali, alikaa chini kwenye sakafu ya jengo na kukataa kunyanyuka. Meneja aliinama, akamshika mkono, akamwahidi kwamba kesho ataondoka.

Alhamisi alifika uwanjani kabla jua halijachomoza. Alipita chumba cha redio.

"Leo taarifa ya mwonekano nitakupa mimi," alimwambia msichana.

"Lakini Meneja, taarifa hutoka kwa Mzee Mawingu."

"Nimesikia. Leo nitakupa mimi. Akiita yeye, mwambie asubiri."

Meneja akachukua redio ya mkononi na kushika njia ya pembeni kwa miguu, viatu vyake vya ofisini vikilowa umande. Kulipopambazuka alikuwa nusu ya safari. Akasimama, akageuka huku na huku. Tangi la maji lilionekana. Mlingoti ulionekana. Uzio ulionekana, nguzo kwa nguzo, mpaka kwenye kimgongo. Mbingu ilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Hasira ikampanda. Kumbe ni kweli, alijisemea, kumbe mtu anatusimamisha mji mzima kwa ajili ya mabasi mawili.

Akabonyeza kitufe. "Mwonekano kilomita tano. Hakuna ukungu. Mpe rubani."

"Kilomita tano, nimepokea," alijibu msichana, kwa sauti ndogo.

Angeweza kurudi hapo. Lakini mbele, juu ya kimgongo, aliona baiskeli ya shemeji yake imelazwa kwenye majani, na ng'ambo ya uzio akasikia injini ya basi ikipungua, kisha ikasimama. Ilikuwa Alhamisi. Akasema leo nitawakuta mkono kwa mkono, akakaza mwendo.

Alipofika juu, akasimama ghafla.

Upande wa pili hapakuwa na uwanja. Palikuwa na kitu cheupe kilicholala kimya kutoka chini ya miguu yake mpaka mbali, sawasawa kabisa, kama pamba iliyotandazwa. Paa la basi lilielea juu yake bila basi. Mita mia nne zile mpya, alizozilalia na kuziamkia, hazikuwepo. Alishuka hatua kumi, ishirini. Weupe ukampanda magotini, kiunoni, usoni. Alinyoosha mkono mbele yake, vidole vikafifia.

Redio ikakoroma mkononi mwake. Ilikuwa sauti ya rubani, tulivu kabisa. "Naiona barabara kutoka juu. Naanza kuteremka, nikitokea mashariki."

Na kabla haijakatika, sauti nyingine, kavu, iliyotoka redioni na pia kutoka mahali fulani ndani ya ukungu, karibu tu: "Nani ametoa taarifa hiyo? Hapa hapafiki mita mia mbili. Nani ametoa?"

"Mzee, nimeambiwa nikwambie usubiri," msichana alisema, na sasa alikuwa karibu kulia.

Baadaye Meneja alijiuliza mara nyingi kuhusu kitambo kile kifupi. Alikuwa amesimama ndani ya ukungu, umemlowesha kope, na bado kuna sehemu ya moyo wake iliyosema: huenda ni mbinu. Ndivyo shaka ilivyo; ikishapata kiti haisimami hata mwenye nyumba akirudi. Kisha akasikia mngurumo juu, kutoka mashariki, ukija chini.

"Ni mimi nimetoa," alisema kwenye redio. "Nimekosea. Kuna ukungu mzito kwenye mwisho wa barabara. Mwambie apande. Apande sasa hivi."

Mngurumo ukakua mpaka ukaingia kifuani mwake. Hakuiona ndege. Aliona weupe ukitikisika, akasikia upepo ukimvuta nguo, na ile sauti ikabadilika, ikawa nyembamba, ikapanda, ikapanda tena, ikaenda zake. Alipoangalia chini aligundua amepiga magoti.

Shemeji yake alimkuta hapo. Alikuwa na redio mkono mmoja, na kwapani kifurushi kilichofungwa kwa nailoni. Suruali yake ilikuwa na tope mpaka gotini. Hakumnyanyua. Alisimama tu, akipumua kama mtu aliyekimbia.

"Rubani akiwa juu kabisa anaona chini," alisema hatimaye. "Ukungu huu ni mwembamba, akiutazama wima anaona hadi lami. Akishuka na kuutazama kwa mshazari ndipo anaingia kwenye weupe kama wa maziwa. Hapo hana tena la kufanya."

Meneja alitaka kusema jambo kubwa. Kilichotoka ni hiki: "Hicho kifurushi ni nini?"

Mzee Mawingu akakichomoa kwapani. Kisha akamkabidhi.

Zilikuwa karatasi. Nakala za kumbukumbu za miaka kumi na minne za uwanja huohuo, zilizokuwa zimehifadhiwa ofisi ya kanda, akiletewa kidogokidogo na basi la mkwe wake kwa kuwa ofisi ya kanda haikuwa na njia nyingine ya kuzituma. Kwenye kila ukurasa alikuwa ametia alama ya penseli mahali pa ukungu. Siku mbili kwa mwezi. Siku moja. Siku tatu. Na mwezi huu mmoja, kwa mkono wake mwenyewe, siku kumi na saba, za ukungu mzito na mwepesi.

"Njoo," alisema.

Wakatembea pamoja mpaka karibu na uzio. Pale mkandarasi alipochimba changarawe palikuwa na bwawa, pana kuliko jengo la abiria, lililojaa mvua za msimu mzima. Moshi mweupe ulikuwa ukiinuka juu ya maji polepole, kama sufuria iliyoondolewa jikoni. Kwenye kijiti ukingoni palining'inia kamba yenye kipimajoto.

"Maji haya yanalala na joto la mchana. Alfajiri hewa ya baridi inateremka kutoka kule kwenye kimgongo, inayakuta, unapata hii. Jua likipanda kidogo, inapotea. Saa tatu hakuna kitu. Ndiyo maana kindege cha mchana hakiujui ukungu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nimeandika kwenye safu ya maelezo. Mara kumi na moja. Sahihi yako iko chini ya kila moja."

Ng'ambo ya uzio kondakta wa basi aliwaangalia, akapanda basi lake, likaondoka.

"Nyumbani kwangu unakula kila Jumapili, shemeji. Ungeshindwa kunitamkia?"

Mzee aliinama, akavuta kamba, akasoma kipimajoto, akakirudisha. Alionekana kama anasubiri namba imjibie. "Shimo hili lilitakiwa kufukiwa. Mkandarasi akaondoka bila kulifukia, na aliyemsainia ni wewe. Nikaandika, ukasaini, hukuuliza. Nikajiuliza, huyu mke wa mdogo wangu amepewa nini? Ningekwambia kwa mdomo, ungejua nafuatilia, ungeficha. Nikasema nitafute ushahidi wa miaka kwanza. Nikiwa nao mkononi, nitasema."

"Sikupewa kitu. Uzinduzi ulikuwa umekaribia. Nilisema tutafukia baadaye."

"Sawa."

"Hunisadiki."

"Na wewe ulinisadiki?" Hakupandisha sauti. "Mkuu wa kanda alinipigia simu siku ileile barua yako ilipofika. Alisoma yote. 'Kwa maslahi ya huduma.' Nikaenda kula kwenu Jumapili, nikakaa mezani, nikasubiri useme. Ukaniongezea mchuzi."

Meneja alimrudishia karatasi zake, akashika njia ya kurudi ofisini.

Siku hiyo aliandika mambo mawili. La kwanza lilikuwa taarifa kwa mamlaka ya viwanja, akieleza bila kujipaka rangi kwamba yeye, asiye na sifa ya kupima hali ya hewa, alitoa namba ya uongo, na ndege yenye watu arobaini na mmoja ikakaribia kutua ndani ya ukungu. La pili lilikuwa barua kwa mkuu wa kanda, ya kufuta ile ya kwanza. Jioni alimsimulia mumewe yote. Mwalimu alimsikiliza hadi mwisho, akauliza swali moja, "Barua uliandika kabla au baada ya kuniuliza habari za mkwe?" Alipojibiwa kuwa ni baada, akachukua madaftari yake akaenda kusahihishia chumba kingine. Wiki mbili walizungumza mambo ya watoto na ya gesi tu.

Wakaguzi walikuja, wakapima, wakahoji. Gazeti, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, hakuwa na habari ya kutoa; alipoulizwa alisema aliona kifurushi tu, na kifurushi si kosa. Meneja alipewa onyo la maandishi na akakatazwa kukaribia redio yoyote. Safari ya jijini ilisimamishwa mwezi mzima. Ilipofunguliwa, ilikuwa ya saa nne asubuhi na mara tatu kwa wiki badala ya saba, kwa sababu saa nne ndege ile ilikuwa na kazi mahali pengine siku nyingi. Wakala alileta ratiba mpya akitabasamu kama kawaida. Hakugusia maneno aliyoyaacha kwenye kiti, na Meneja hakumkumbusha. Mji ulilalamika. Wengine wakasema Meneja amehongwa na mwenye mabasi.

Bwawa lilikaushwa kwa pampu mbili na kufukiwa kwa miezi minane.

Ile barua ya kufuta haikufuta kitu. Ofisi ya kanda ilishampata mpima mwingine na kumpangia Mzee Mawingu kituo cha milimani, mwendo wa saa sita kwa basi. Wakubwa hawapendi kuandika upya. Siku ya kuhama, Meneja na mumewe walimsaidia kufunga vyombo. Alikuwa na vitu vichache. Walipomaliza, Meneja alimwambia mbele ya mumewe kwamba amekosa, na anaomba radhi kama mdogo kwa mkubwa.

"Nimepokea," Mzee alisema. Akafunga kamba ya godoro, akalikagua fundo mara mbili.

Alirudi kuwatembelea mwisho wa mwaka. Alikuwa amenenepa kidogo, milima imemkubali. Alicheza karata na watoto, akamtania Meneja kuhusu mvi mbili zilizomtoka, na Mwalimu akacheka kicheko ambacho nyumba haikukisikia muda mrefu. Asubuhi ya kuondoka Meneja alimwambia kuna kiti kitupu kwenye ndege ya saa nne mpaka jijini. Kutoka huko angepata gari la milimani, asingechoka.

Mzee aliweka kikombe chini. "Mwonekano leo ukoje?"

"Kijana mpya amesema kilomita kumi."

"Wewe umeangalia?"

"Mimi siruhusiwi."

Akatikisa kichwa taratibu, asionekane kukubali wala kukataa, akavaa viatu, akatoka mpaka uani. Alisimama hapo mikono nyuma, akitazama upande wa mashariki, na Meneja akabaki mlangoni na mfuko wa nguo wa shemeji yake mkononi, akisubiri aseme atakwenda na ndege au na basi.